Sumu Yenye Kibali: Kuisoma Upya “Shibe Inatumaliza” na Kigogo Mbele ya Gunia la Mahindi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayeipitia makala hii, huenda ukajiuliza ni kwa nini tunavirudia vitabu viwili ambavyo vimekwisha kuondolewa katika orodha ya vitabu teule. Kigogo, tamthilia yake Pauline Kea, na Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, mkusanyiko uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda, vimekwisha kupisha Bembea ya Maisha na Mapambazuko ya Machweo. Jibu langu ni fupi. Kitabu kinapotoka katika mtihani ndipo kinapopata nafasi ya kusomwa kwa utulivu, bila mwongozo kutuelekeza kidole mahali pa kupigia mstari. Nina deni pia, kwa sababu kuna jibu la mwanafunzi nililolikosoa nikitumia wino mwekundu, na tangu hapo halijanipa amani. Nitalieleza baadaye.

Nafundisha Ruiri, upande wa Buuri katika Kaunti ya Meru, mahali ambapo barabara inauacha ubichi wa mlima na kuanza kuteremkia ukavu wa Isiolo. Hapa mahindi ni chakula, ni akiba, na mara nyingi ni karo. Mavuno yakija, utayaona yameanikwa juu ya maturubai kando ya njia, na mvua ya ghafla ikinyesha, watu hukimbia kuyakusanya kama wanaookoa watoto. Yakiingia guniani yakiwa na unyevu, kuvu huota. Wataalamu wa kilimo hushauri nafaka ikaushwe hadi unyevu usizidi asilimia 13.5, lakini mkulima wa kawaida hupima kwa kutia punje kinywani na kuisikiliza inavyolia baina ya meno.

Sumu inayotokana na kuvu hiyo magazeti yetu ya Kenya huiita aflatoksini. Wenzetu wa Tanzania wameiundia neno zuri, sumukuvu, na mimi nitalitumia neno hilo kwa kuwa limejieleza lenyewe: halihitaji tanbihi, na mwanafunzi akilisikia mara moja hulielewa. (Mwalimu wa isimu, hapo una mfano safi wa uambatanishaji wa nomino mbili. Nakuachia.)

Sumukuvu haionekani kwa macho, na ulimi hauitambui. Tena haiondoki kwa kuchemsha, hata sufuria ya githeri ikae motoni kutwa nzima. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa nchini Kenya katika mahindi ni sehemu 10 kwa kila sehemu bilioni moja. Hesabu hiyo ni ngumu kuipatia picha, kwa hivyo hebu tuigeuze: gramu moja tu ya sumu, ikisambazwa sawasawa katika magunia takriban 1,100 ya kilo 90, inatosha kuyafikisha yote kwenye mpaka huo. Hivyo mlaji hana namna ya kujilinda kwa hisi zake. Hana budi kumwamini mtu mwingine aliyepima. Nakuomba uishike kauli hiyo, kwani uhakiki wote unaofuata umejengwa juu yake.

Shibe au Njaa?

Tuanze na hadithi ya Salma Omar Hamad, “Shibe Inatumaliza”. Unaikumbuka: Sasa na Mbura, mawaziri wawili wa wizara moja, wanakwenda kwenye sherehe ya Mzee Mambo, mtu aliyejitwalia madaraka ya kila wizara. Sherehe yenyewe imetayarishwa kwa sababu zisizokuwa na uzito wowote, nayo inagharimiwa na hazina ya umma. Watu wanakula, wanabugia, wanarudia. DJ anatumbuiza huku naye akiwa amechota fungu lake serikalini. Mwishoni wawili hao wanazungumzia jinsi kula kunavyowaangamiza walaji, na maradhi yanayoandamana na ulaji huo yanatajwa.

Wahakiki wengi, na miongozo karibu yote, wamelisifu neno “kula” katika hadithi hii kwa utata wake. Kula ni kutia chakula kinywani, na kula ni kufuja mali ya umma. Nakubaliana nao kwamba huo ndio uti wa mgongo wa hadithi, na kwamba kejeli yake ni kali. Mtunzi amefaulu kutuonyesha viongozi ambao kazi waliyoajiriwa hawaifanyi, ila ile ya sahani wanaifanya kwa bidii.

Hata hivyo, hapo penye sifa ndipo ninapotofautiana na wengi. Utata huo wa “kula” unafunga hesabu mapema mno. Mtunzi anapoziunganisha maana mbili katika neno moja, anaziunganisha pia adhabu zake: anayekula mali ya umma ndiye yule yule anayekula kupita kiasi, kwa hivyo atakufa kwa kile alichokula. Msomaji hufunga kitabu akiwa ameridhika. Haki imetendeka, hata bila polisi, bila mpimaji, bila mahakama. Tumbo lenyewe limekuwa hakimu.

Sasa liweke jambo hilo kando ya yaliyotokea mwaka 2004. Katika wilaya za wakati huo za Makueni, Kitui, Machakos na Thika, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 miongoni mwao wakafa. Hawakuwa wamealikwa kwenye karamu ya mtu. Wengi wao walikula mahindi waliyoyalima wenyewe, yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, katika msimu ambao chakula kilikuwa haba na hapakuwa na kingine cha kuchagua. Macho yaligeuka manjano, matumbo yakajaa maji, ini likashindwa. Na haikuwa mara ya kwanza, kwa kuwa Machakos ilikuwa imeshuhudia vifo vya namna hiyo mwaka 1981. Wala si shida ya Kenya pekee. Mwaka 2016 watu 68 waliugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania, na 20 wakafariki.

Hao walimalizwa na njaa, wala si na shibe. Mwenye njaa hachagui gunia. Hadithi inatuambia kwamba mlaji ndiye mkosaji, na ukiifundisha kama ilivyo katika darasa la Ruiri, ambamo mtoto mmoja au wawili walikula nyumbani jana usiku mahindi ambayo mama yao aliyachambua kwa mkono akitupa punje nyeusi na kuzibakiza zilizo na nafuu, utakuwa unawaambia watoto hao jambo lisilo la kweli. Wale wanaokula fedha za kununulia mashine za kukaushia nafaka hawafi kwa sumukuvu. Wanaokufa ni wengine kabisa.

Simlaumu mtunzi kwa kutoandika hadithi ambayo hakukusudia kuiandika. Dhamira yake ilikuwa tabaka la walafi, nalo amelichora barabara. Ninalolalamikia ni sisi walimu, ambao tumeigeuza hadithi hiyo kuwa jibu la kila swali kuhusu chakula na siha. Mtahiniwa anaulizwa kuhusu afya katika jamii naye anaandika “watu wanakula kupindukia”, anapata alama yake, na hakuna aliyemuuliza ni watu gani hao. Hadithi iliyoubatiza mkusanyiko wenyewe, “Tumbo Lisiloshiba”, ingemsaidia zaidi. Jitu lile linapoingia katika mkahawa wa Mzee Mago na kufagia kila kilichopikwa, mla na mnyang'anywaji ni watu wawili tofauti, na msomaji hawezi kuwachanganya.

Taarifa kama Matini

Kabla ya kuingia Sagamoyo, niruhusu nipotoke kidogo. Tumezoea kuhakiki hadithi na tamthilia, ilhali matini zinazosomwa kwa hofu kubwa zaidi nchini ni taarifa za serikali kuhusu chakula. Nazo zina msimulizi, zina wahusika, na zina mapengo. Mwanafunzi anayejifunza sajili angefaidika kuzichambua.

Chukua mfululizo huu. Mwaka 2010, baada ya mvua kuyanyeshea mavuno, serikali ilitangaza kwamba magunia takriban milioni 2.3 ya mahindi hayakufaa kuliwa, mengi yakiwa ya Mkoa wa Mashariki wa wakati huo, ambao ndani yake zilikuwamo Meru na Embu. Novemba 2019 Shirika la Kutathmini Ubora wa Bidhaa, KEBS, lilipiga marufuku aina tano za unga wa mahindi zilizokuwa zikiuzwa kote nchini, na Januari 2020 likaongeza nyingine. Machi 5, 2021 Mamlaka ya Kilimo na Chakula ikazuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na kabla ya wiki kumalizika marufuku hayo yakaondolewa na badala yake kuwekwa masharti ya vyeti na usajili wa waagizaji.

Zisome taarifa hizo kama unavyosoma hadithi fupi. Vitenzi vyake ni vya kauli ya kutendwa: unga umekutwa na sumu, leseni zimesimamishwa, umma unashauriwa. Mtenda hayupo. Nani aliuidhinisha unga ule mwanzoni, ukawekewa alama ya ubora na kupangwa rafuni? Watu wameula kwa muda gani kabla ya tangazo? Na ukirudi dukani, nini kimebadilika ndani yake? Hayo hayasemwi, nasi tunajua katika fasihi kwamba lisilosemwa huwa na uzito wake.

Kuna mwaka ambao wasimulizi walipingana hadharani. Juni 2018 Waziri wa Usalama wa Ndani alitangaza kwamba sukari ya magendo iliyonaswa ilikuwa na zebaki na shaba. Muda si muda Waziri wa Viwanda akaiambia kamati ya Bunge kwamba vipimo havikuonyesha zebaki. Kamati iliandika ripoti, na Agosti mwaka huo Bunge la Taifa likaitupilia mbali. Msomaji wa riwaya akikutana na wasimulizi wawili wanaopingana huwa na njia ya kuamua: hurudi nyuma kurasa kadhaa akatafuta nani aliwahi kusema uongo. Mnunuzi wa kilo moja ya sukari hana kurasa za kurudia. Anaondoka na kilo yake, kwa maana chai haina budi kunywewa, au anaiacha na kununua ya kupimwa kwa kijiko kutoka gunia lisilo na jina, akiamini kwamba kisicho na alama hakijapata nafasi ya kumdanganya.

Uamuzi huo wa mwisho ndio unaonitisha. Mwenye kudanganywa na alama hujikuta hana cha kushika ila uzoefu wa jirani. Kwa sumukuvu, jirani hajui lolote.

Keki na Pombe za Sagamoyo

Tukija kwenye Kigogo, tunakuta mtunzi aliyeligusa jambo hili kwa karibu zaidi, ingawa miongozo haikumfuata hadi huko. Katika Sagamoyo ya Majoka, pombe haramu haiuzwi kwa kujificha. Utawala umeihalalisha. Asiya, anayeitwa Mamapima, anauza kule Mangweni huku akilindwa na kibali, wakati soko la Chapakazi, mahali ambapo watu wanajipatia riziki ya halali, limefungwa. Swali la kawaida la mtihani hutaka mtahiniwa aonyeshe “matumizi mabaya ya mamlaka”, naye hutaja kufungwa kwa soko kwanza na pombe baadaye. Mimi ningeyasoma mambo hayo mawili kwa pamoja. Mkono uliofunga cha halali ndio uliofungulia cha haramu, na karatasi iliyotumika ni ile ile. Kibali katika Sagamoyo hakimwambii raia kwamba kitu ni salama. Kinamwambia nani anamjua nani.

Nani aliye jirani na Embu atadai kwamba hiyo ni tanakali za jukwaani tu? Mei 2014 makumi ya watu walikufa, na wengine wakapoteza uwezo wa kuona, baada ya kunywa pombe iliyochanganywa na methanoli, Embu ikiwa miongoni mwa kaunti zilizopigwa vibaya zaidi pamoja na Kiambu, Kitui na Makueni. Miaka kumi baadaye, Februari 2024, watu wasiopungua 17 wakafa Kangai, Kaunti ya Kirinyaga, na serikali yenyewe ikaeleza kwamba kinywaji kile kilikuwa kimenaswa awali na kuhifadhiwa katika kituo cha polisi kama ushahidi, kabla ya kutoweka humo na kurudi sokoni. Lau mwandishi wa tamthilia angebuni tukio hilo, mhakiki angemwambia amezidisha chuku. Sumu iliyokamatwa, ikaandikwa daftarini, ikatoka mlangoni pa aliyeikamata! Kinaya cha namna hiyo hakihitaji kufafanuliwa kwa mtahiniwa.

Sasa niingie katika deni langu. Mwanzoni mwa tamthilia tunawakuta wachongaji Sudi, Boza na Kombe katika karakana yao. Inaletwa keki ya uhuru, ambayo Asiya, mkewe Boza, ndiye aliyepewa zabuni ya kuioka. Boza anaila. Sudi anaikataa. Mwongozo niliokuwa nikiutumia ulieleza kwamba Sudi ni mwenye msimamo thabiti na mzalendo, na kwamba keki ni jazanda ya makombo ambayo watawala huwatupia raia. Nilikuwa nimetoa swali la alama nne kuhusu sababu za Sudi kuikataa keki, na msichana mmoja wa kidato cha tatu aliandika kwamba Sudi hakuila kwa sababu hakujua unga wake umetoka wapi, na aliyeioka ndiye anayeuza pombe ya kuua watu.

Nilimpa alama moja kati ya nne. Pembeni niliandika, “Soma swali. Keki ni jazanda.”

Wiki chache kabla ya hapo, gunia kadhaa zilikuwa zimeletwa katika jiko la shule niliyokuwa nikifundisha wakati huo, sitaitaja, na mpishi alipozifungua aliwaita walimu waje kunusa. Tulinusa. Mmoja akasema ni harufu ya stoo, mwingine akasema tungoje, na mkuu akauliza kama mwuzaji ana stakabadhi. Alikuwa nayo. Mahindi yakapikwa. Hakuna aliyeugua kwa kadiri tulivyoweza kuona, ingawa sumukuvu ya kiasi kidogo haiui kwa siku moja. Hulidhuru ini polepole na kulizidishia hatari ya saratani, jambo ambalo mtu haliunganishi na chakula cha mchana cha kidato cha tatu. Msichana yule alikuwa miongoni mwa waliopanga foleni na sahani.

Kwa hivyo alipoandika kwamba Sudi hakujua unga umetoka wapi, hakuwa ameshindwa kuitambua jazanda. Alikuwa ameisoma kuanzia chini, kutoka kwenye kitu chenyewe, kabla ya kuipandisha kwenye maana yake ya siasa. Ndivyo jazanda inavyofanya kazi. Keki haiwezi kuwa ishara ya utawala usioaminika ikiwa kwanza si keki ambayo mtu mwenye akili timamu angesita kuila. Sisi walimu, kwa haraka ya alama, tumezoea kuruka ngazi hiyo ya chini: sumu ni ufisadi, keki ni makombo, pombe ni upumbazaji, na ndani ya dakika moja hakuna kinacholiwa wala kunywewa katika tamthilia nzima. Tumebaki na maneno dhahania yanayofanana katika kila kitabu.

Angalia tena kukataa kwa Sudi. Hana maabara. Hana njia ya kupima. Anachojua ni asili ya kitu: nani ameagiza, nani ameoka, kwa zabuni ya nani, kusherehekea nini. Kwa Sudi, imani ni suala la historia ya mpaji. Boza naye anajua hayo yote, kwani mwokaji ni mke wake, na bado anakula. Wahakiki humwita Boza msaliti au kibaraka. Mimi naona hapo mtu wa kawaida kabisa, mwenye tumbo, ambaye kukataa kwake kungemgharimu zaidi ya kukubali. Asilimia kubwa yetu ni akina Boza kila siku ya Mungu, na mtunzi ameonyesha ukomavu kwa kutomfanya jitu.

Pungufu la Kigogo, kwa maoni yangu, linajitokeza mwishoni. Umma unamkataa Majoka, soko linakuwa na matumaini ya kufunguliwa, na hadhira inapiga makofi. Lakini hakuna anayeuliza nani atakagua kitakachouzwa humo. Tunu ni jasiri, Sudi ni mwadilifu, na ujasiri na uadilifu havipimi unyevu wa nafaka. Fasihi yetu ya ukombozi imejaa mashujaa wanaong'oa watawala, na haina hata mhusika mmoja ninayemkumbuka ambaye ni mkaguzi wa afya mwaminifu, mwenye koti jeupe, anayekataa hongo ya jumanne na kuandika ripoti ambayo hakuna atakayempigia makofi. Nalitamka hilo kwa waandishi chipukizi wanaosoma ukurasa huu, wapo.

Mwalimu, ukitaka kuyajaribu haya darasani, usianze na swali la maudhui. Waulize wanafunzi wataje vitu vitano walivyokula tangu jana, na mbele ya kila kimoja waandike jina la mtu wanayemwamini kwamba ni salama. Nilipofanya hivyo, wengi waliandika “mama” mara tano. Wachache waliandika “duka”. Mmoja aliandika “KEBS”, darasa likacheka, naye akalifuta.

Msichana yule amekwisha kumaliza kidato cha nne. Karatasi yake ninayo bado. Nimeongeza alama mbili kwa kalamu ya buluu. Ya nne nimeizuia, kwa sababu swali lilitaka mifano kutoka tamthilia naye alitoa mmoja.